Umechelewa kulipa kodi Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye duka Darajani, mwenye nyumba ya wageni Jambiani, mwenye mkahawa Chake Chake, na mrithi aliyekuta barua ya deni kwenye nyumba aliyoachiwa. Deni la kodi mara nyingi huanza dogo. Linalolikuza ni kukaa kimya, na kutojua barua iliyo mkononi imetoka ofisi gani.

Barua inasema nadaiwa. Nadaiwa na nani hasa?

Anza hapa kabla ya kutoa hata shilingi. Mfanyabiashara wa Zanzibar anaweza kudaiwa na mikono mitatu kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja unaoweza kukufutia deni la mwenzake.

Mkono wa kwanza ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, kwa hiyo kodi ya faida ya duka lako, kodi ya mishahara ya wafanyakazi wako na kodi ya zuio (ile unayoikata unapomlipa mtu mwingine, kama mwenye nyumba) zinakwenda TRA, hata kama duka liko Konde na hujawahi kuvuka bahari.

Mkono wa pili ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Hii inakusanya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya ndani ya Zanzibar, ushuru wa hoteli na mikahawa, ushuru wa stempu, kodi ya majengo na mengine yaliyowekwa na Baraza la Wawakilishi.

Mkono wa tatu ni baraza lako la manispaa, baraza la mji au halmashauri. Hawa wanafanya kazi chini ya sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 pamoja na sheria ndogo ndogo za kila baraza. Kwao utakuta ada za leseni, ushuru wa soko, na ada ya kuzoa taka.

Angalia kichwa cha barua, kisha angalia namba iliyotumika kukutambua. TRA wanatumia TIN, namba ya utambulisho wa mlipakodi. ZRA wanatumia namba yao ya mlipakodi inayoanza na Z. Barua ya baraza kwa kawaida inataja namba ya leseni, ya banda au ya nyumba. Kosa linaloumiza watu zaidi ni la mtu aliyelipa TRA kwa uaminifu mwaka mzima akiamini "kodi nimeshalipa", huku ritani za ZRA, yaani fomu za kutaja mauzo na kodi ya kila kipindi, hazijapelekwa hata moja. Alichokitoa ni halali na kimepokelewa, ila hakipunguzi kitu kule kwingine.

Barua yangu ya zamani imeandikwa Bodi ya Mapato, ZRB. Bado ina nguvu?

Ndiyo. Bodi ya Mapato Zanzibar iliundwa mwaka 1996, na ZRA ikashika nafasi yake kwa sheria ya mwaka 2022. Deni halikufa kwa kubadilika jina. Ichukue barua hiyo pamoja na risiti za wakati huo uende nazo ZRA, maana risiti za Bodi ndizo ushahidi wako.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Usilipe kwanza. Omba taarifa ya hesabu ya deni. Usikubali jumla moja tu, "unadaiwa milioni tatu na laki nne". Taka ionyeshe aina ya kodi, mwezi au mwaka unaohusika, kodi yenyewe, riba, na adhabu, kila kimoja peke yake. Bila mgawanyo huo hutajua ulipe nini wala ubishe nini.

Ukiipata, kaa chini na risiti zako, mwezi kwa mwezi. Kuna makosa matatu yanayojirudia sana. La kwanza, namba ya malipo ilitolewa kwa kodi nyingine: ulikusudia ushuru wa hoteli, ikaingia VAT. La pili, malipo ya Machi yamewekwa Aprili, kwa hiyo Machi inaonekana tupu na inazaa riba, wakati Aprili ina ziada. La tatu, pesa zimetoka kwenye simu au benki lakini namba ya malipo ilikuwa imeshapita tarehe yake ya mwisho, malipo yakakwama. Yote matatu yanarekebishika kwa barua na nakala ya risiti. Usilipe mara ya pili kwa kuogopa foleni. Kudai kurejeshewa pesa iliyozidi huchukua muda mrefu kuliko kurekebisha mahali ilipowekwa.

Sina pesa sasa. Nipeleke ritani au nisubiri mpaka nipate?

Peleka. Ritani na malipo ni wajibu mbili tofauti, na kila moja ina adhabu yake.

Chukua mfano wa kodi za TRA, ambazo zinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Ukichelewa kulipa, unatozwa riba. Kiwango chake kinafuata kile kinachotangazwa na Benki Kuu, na riba inajumlishwa kila mwezi juu ya deni, yaani mwezi wa pili unalipia riba hata ile riba ya mwezi wa kwanza. Ukichelewa kupeleka ritani, adhabu ni nyingine kabisa: kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, unatozwa kile kilicho kikubwa kati ya asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa na kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Kiwango hicho cha chini ni pointi 5 za fedha (kipimo ambacho sheria inakipa thamani ya shilingi) kwa mtu binafsi na pointi 15 kwa kampuni.

Tufanye hesabu. Unadaiwa shilingi 1,200,000, na tuseme riba ni asilimia 9 kwa mwaka. Baada ya miezi 12 riba imefika kama shilingi 112,600. Inauma, lakini inabebeka. Sasa tuseme na ritani hukupeleka. Asilimia 2.5 ya deni ni 30,000 kwa mwezi, ila kiwango cha chini kiko juu zaidi. Sheria ilipoanza, pointi moja ilikuwa shilingi 15,000. Hata kwa thamani hiyo ya mwanzo, pointi 5 ni 75,000 kwa mwezi, na kwa miezi 12 ni 900,000. Karatasi ambayo hukuipeleka imekugharimu mara nane ya pesa ambayo hukuilipa.

Ndiyo sababu mfanyabiashara mdogo anaumizwa na ritani kuliko anavyoumizwa na deni. Kiwango cha chini hakiangalii udogo wa biashara yako. Na neno "sehemu ya mwezi" lina maana kamili: kuchelewa siku moja kunahesabiwa mwezi.

Kodi za ZRA zina sheria yake ya utawala na taratibu za kodi, ya mwaka 2009, na viwango vyake vya adhabu na riba si vile vya TRA. Usichukue kiwango cha ofisi moja ukapigia hesabu deni la ofisi nyingine. Mpangilio wa kazi lakini ni ule ule: ritani kwanza, kwa tarehe yake, hata kama mfuko ni mtupu.

Hoteli yangu inafunga masika. Mwezi usio na mgeni nao una ritani?

Una. Mwezi wa Aprili nyumba za wageni nyingi za Paje, Nungwi na Jambiani zinapaka rangi na kuezua makuti, hakuna mgeni wala mapato. Mfumo wa kodi hauoni makuti yako. Unaona mwezi usio na ritani. Peleka ritani ya sifuri kila mwezi uliofunga, na kabla hujafunga iandikie ofisi barua yenye tarehe ya kufunga na tarehe unayotarajia kufungua. Mkahawa unaofunga mchana wa Ramadhani unabaki na ritani yake ya kawaida. Mauzo ya futari na usiku ni mauzo.

Kwa mwenye kutumia mfumo wa ZRA wa mtandaoni, ZIDRAS, ritani ya sifuri ni kazi ya dakika chache. Tatizo kubwa huwa ni neno la siri lililo kwa mhasibu aliyeacha kazi. Weka namba ya simu na barua pepe yako mwenyewe kwenye akaunti, si ya mhasibu.

Naweza kulipa kidogo kidogo?

Unaweza kuomba, na watu wanakubaliwa. Ila ni makubaliano ya maandishi. Maneno ya kaunta, "lete lete tu utakachopata", hayakulindi siku afisa akihamishwa.

Barua ya maombi iwe fupi na iwe na mambo haya: jina lako au la biashara, TIN au namba ya Z, aina ya kodi, miezi inayohusika, jumla unayokiri kudaiwa, kiasi unachoweza kutanguliza, idadi ya awamu, na tarehe ya kila awamu. Ambatisha taarifa ya benki ya miezi michache na muhtasari wa mauzo. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, moja urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri ni mali. Iweke mahali isipofika maji wala mchwa.

Tanguliza kitu. Barua inayoomba miezi 12 bila shilingi ya mwanzo inaonekana kama ya kuvuta muda. Na hapa ushauri wetu ni mmoja, tunausisitiza: panga awamu kwa kufuata mapato ya biashara yako, usizigawe sawasawa ili tu zionekane nadhifu. Muuza nguo wa Darajani aweke awamu kubwa baada ya Idi. Nyumba ya wageni iweke awamu nono Agosti na Januari, nyepesi Aprili na Mei. Anayetegemea karafuu Pemba asiahidi pesa kabla karafuu hazijaanikwa na kuuzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali.

Kwa nini tunasema hivi? Kwa sababu chini ya sheria ya 2015, ukikosa awamu moja, salio lote linaweza kudaiwa papo hapo. Mpango wa awamu 6 unaoutimiza ni bora kuliko wa awamu 12 unaovunjika ya nne. Ukiona awamu ijayo itakushinda, andika barua kabla ya tarehe yake. Ukiandika baada ya tarehe, umeshavunja.

Tena, wakati unalipa deni la zamani, ritani na kodi za mwezi huu ziendelee kwa wakati. Wengi hulipa awamu za mwaka juzi kwa bidii huku wakifungua deni jipya nyuma yake.

Naona deni si sahihi. Nibishe vipi?

Kwa maandishi, na kwa haraka. Kwa kodi za TRA, pingamizi linatakiwa lifike ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio. Linataja hoja zako na kuambatisha ushahidi. Pia unatakiwa kulipa kiasi usichokibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Umekadiriwa 6,000,000 na unakubali 2,500,000: theluthi ni 2,000,000, kwa hiyo unalipa 2,500,000. Unakubali 1,000,000 tu: unalipa 2,000,000. Kamishna Mkuu wa TRA anaweza kupunguza au kuondoa sharti hilo kwa sababu za msingi, lakini lazima uombe kwa maandishi ndani ya muda; ukinyamaza, pingamizi halipokelewi kabisa na makadirio yanakuwa ya mwisho.

Uamuzi wa Kamishna ukikuangukia vibaya, kuna Bodi ya Rufaa za Kodi. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ukifika hatua hiyo, tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa au wakili.

Barua ya ZRA au ya baraza ina muda wake wa kupinga. Usome kwenye barua yenyewe, uandike tarehe ya mwisho pembeni kwa kalamu siku ile ile uliyoipokea.

Hoja zinazoshinda ni za karatasi: risiti, mkataba wa pango, taarifa ya benki, daftari la mauzo. "Biashara mbaya" si hoja. "Mauzo ya Juni yalikuwa haya, daftari hili hapa" ni hoja.

Nimekadiriwa kodi kubwa kuliko biashara yangu. Inatokeaje?

Mara nyingi kwa kukosa daftari. Kwa kodi ya mapato ya mtu binafsi mwenye biashara ndogo (si kampuni), jedwali lililoanza Julai 2022 linakwenda hivi. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiyeweka kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, mwenye nazo analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Juu ya milioni 11 hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo.

Mwenye genge la Mwanakwerekwe anayeuza milioni 6 kwa mwaka analipa 60,000 akiwa na daftari na 100,000 asipokuwa nalo. Wa milioni 9 analipa 150,000 dhidi ya 250,000. Daftari la shilingi elfu mbili linaokoa laki moja.

Kodi hiyo inalipwa kwa robo, kwa mwaka wa kawaida ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Katikati ya mwaka ukiona biashara imeshuka, omba kurekebisha makadirio wakati mwaka bado haujaisha. Usiyashushe kwa kubahatisha, maana makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi unatozwa riba ya kukadiria pungufu.

Nina deni la kodi niliyowakata watu. Ni sawa na deni jingine?

Hapana, ni zito zaidi. VAT aliyokulipa mteja, kodi uliyoikata kwenye mshahara wa mfanyakazi, na asilimia 10 uliyomkata mwenye nyumba kwenye pango la duka si pesa zako. Zilipita mkononi mwako tu. Kodi ya mishahara na ya zuio zinatakiwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na usipozifikisha zinadaiwa kwako wewe, hata kama hukumkata mwenye nyumba shilingi.

Kama pesa hazitoshi kulipa kila kitu, lipa hizi kwanza. Mlipakodi anayezifanya mtaji wa kununulia mzigo hana utetezi siku ya ukaguzi. Njia iliyo rahisi ni akaunti ya pili ya benki au ya simu: kila ukifunga hesabu ya siku, hamishia huko fungu la VAT. Bei yenye VAT ya asilimia 15 ikiwa 115,000, yako ni 100,000.

Wanaweza kunifungia duka au kuchukua pesa zangu benki?

Sheria inawapa nguvu hizo, na kwa kawaida hutangulia barua za kumbusho na za madai. Hatua inayowashtua watu ni ya kudai kwa mtu wa tatu: benki yako, mpangaji wako, au wakala wa watalii unayemdai, anaandikiwa barua akabidhi kwa mamlaka ya kodi kile alichonacho kwa ajili yako. Mwenye hoteli anashangaa malipo ya wakala hayakuingia. Yameshaelekezwa kwingine kihalali.

Kukamata mali kunafuata utaratibu. Kwa kodi za TRA, mali iliyokamatwa inahifadhiwa kwa siku 10 kwa gharama ya mwenyewe, kisha inaweza kuuzwa kwa mnada. Mzigo unaoharibika haungoji siku hizo. Siku wanayokuja, omba kuona hati ya kukamata, hakikisha jina na namba ni zako, na orodha ya kila kilichochukuliwa iandikwe na kusainiwa na pande zote. Usifiche mali wala kumzuia afisa. Deni ni deni, lakini kuficha na kuzuia ni kosa jingine juu yake, na hilo lina mahakama. Kamishna anaweza pia kumzuia mdaiwa kutoka nchini, jambo la kulizingatia mwenye safari ya Umra au ya matibabu akiwa na deni kubwa.

Upande wa mabaraza, kinachosumbua zaidi ni leseni na banda. Nafasi ya soko iliyokatiwa mkataba kwa kutolipa hupewa mwingine, na kuirudisha ni vigumu hata ukija na pesa zote mkononi.

Nilifunga biashara miaka miwili iliyopita lakini bado nadaiwa.

Kufunga mlango si kufunga biashara. Hakuna anayejua umefunga mpaka uandike, kwa hiyo ritani zinaendelea kuhesabiwa na adhabu zinaendelea kupanda. Hili deni la biashara iliyokufa ndilo linalotia huruma zaidi, kwa sababu hakuna mapato ya kulilipia.

Nenda kwa sheha wa shehia ilipokuwa biashara. Omba barua inayotaja biashara ilikuwa wapi na ilisimama lini. Ongeza ushahidi wa pembeni: barua ya mwenye nyumba kuwa ulirudisha funguo, bili ya mwisho ya umeme, mkataba uliokwisha. Peleka TRA na ZRA maombi ya kufuta usajili wa kodi husika kuanzia tarehe hiyo, na baraza wapelekee leseni irudishwe. Ofisi tatu, barua tatu. Ritani za miezi uliyokuwa bado unafanya kazi zipeleke. Za baada ya kufunga ombea ziondolewe. Kama ulisajili jina la biashara, limalize pia kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar.

Baba amefariki, na nyumba ina deni la kodi. Watoto tunalipa mfukoni?

Deni ni la mali aliyoiacha marehemu. Kwa mirathi ya Kiislamu mpangilio unajulikana: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Deni la kodi linaingia kwenye madeni. Mnapofungua mirathi Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakamani, litajeni, mkiwa na taarifa ya hesabu kutoka ofisi inayodai.

Hatari iko kwenye kugawana kwanza. Mmoja amekaa nyumba ya Wete, mwingine amechukua duka, wa tatu yuko Dar es Salaam, deni halina mwenyewe, na riba inapanda juu ya nyumba. Andikieni ofisi mapema kwamba mwenye nyumba amefariki, ambatisheni cheti cha kifo, na mtajeni msimamizi mmoja wa kuandikiwa.

Amekuja mtu dukani na kitabu cha risiti, anataka pesa taslimu.

Mwombe kitambulisho na mwambie akupe namba ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba. Malipo ya Serikali ya Zanzibar yana mfumo wake, ZanMalipo, na unalipa benki (PBZ na nyinginezo) au kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la taasisi na kiasi. Jina la mtu binafsi likitokea, simama hapo hapo.

Ujumbe wa simu unaosema "lipa leo upunguziwe adhabu nusu" kwa namba ya mtu, ufute. Adhabu hupunguzwa kwa barua.

Nipo Pemba. Lazima nivuke Unguja?

La. ZRA na TRA zina ofisi Chake Chake, na ada za baraza zinamalizwa kwa baraza lako: Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni. Jambo likihitaji uamuzi wa makao makuu, barua inapokelewa Pemba na inasafirishwa na ofisi. Usisafiri kwa boti bila kupiga simu kwanza.

Kutakuwa na msamaha? Niusubiri?

Msamaha wa riba na adhabu uliwahi kuwepo kwa kodi za TRA: mwaka 2018 waliojitokeza kuanzia Julai hadi Novemba walifutiwa asilimia 100 ya riba na adhabu, kwa sharti la kulipa kodi yenyewe. Kodi yenyewe haikusamehewa. 

Kusubiri msamaha ambao haujatangazwa ni kulipa riba kila mwezi kwa ajili ya tumaini. Unachoweza kufanya leo ni kuomba kupunguziwa kwa sababu zako mwenyewe: maradhi yenye vyeti vya hospitali, moto, mafuriko, kosa la mfumo. Lipa kodi yenyewe, kisha ombea adhabu na riba. Ombi la mtu ambaye kodi halisi ameshaimaliza linasomwa kwa jicho jingine.

Nimemaliza deni. Kuna kilichobaki?

Kuna hati ya kutodaiwa. Iombe, maana utaihitaji kwenye zabuni, mkopo na leseni. Halafu omba taarifa mpya ya hesabu wiki mbili baada ya malipo ya mwisho, uone salio ni sifuri kwa kila kodi. Mara nyingi hubaki riba ya siku chache, elfu tatu au nne, iliyoingia kati ya kutolewa namba ya malipo na kulipwa. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachozuia hati.

Risiti nizitunze muda gani?

Sheria ya 2015 inataka kumbukumbu za miaka 5. Risiti nyingi sasa ni za karatasi laini ya joto, na kwa joto letu zinafutika ndani ya miezi, hasa zikibandikwa ukutani au zikikaa ndani ya gari. Zipige picha siku ile ile, namba ya malipo isomeke, na uandike kwa mkono mgongoni aina ya kodi na mwezi.